Besi Iliyounganishwa kwa Vipande

Katika magazeti yetu ya akina mama huwa tunazungumza zaidi juu ya mapishi, malezi na afya ya watoto. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia wanaume na vijana, nalo ni matarumbeta ya kanisani. Huenda msomaji akajiuliza, mama wa nyumbani ana shughuli gani na matarumbeta? Tunaamini kwamba akifika mwisho wa makala hii ataona kuwa anayo shughuli kubwa.

Mji wetu wa Tunduma hauna usiku. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hujipanga foleni ndefu, wageni huja na kuondoka, na fedha ya haraka haraka hupatikana kwa kijana anayejua kuchangamka. Mama mwenye mtoto wa miaka 15 hapa mpakani anajua maana ya kulala akisikiliza mlango. Katika hali kama hiyo, kundi la matarumbeta linalokutana jioni mara tatu kwa wiki si burudani tu. Ni mahali ambapo mzazi anajua kwa hakika mtoto wake yuko wapi na yuko na nani. Kundi hilo likivunjika, hasara yake haiishii kanisani, bali huingia majumbani mwetu.

Kundi letu lilikuwa karibu kuvunjika, na sababu yake ilikuwa chombo kimoja tu: tuba, ile ambayo wapigaji wetu huiita besi.

TUBA NI CHOMBO GANI?

Tuba ndiyo kubwa kuliko matarumbeta yote. Hushikwa kwa kupakatwa kama mtoto, na mdomo wake mpana hutazama juu. Ni chombo kipya kuliko watu wengi wanavyodhani. Hati yake ya kwanza ilitolewa Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Septemba 1835, kwa Wilhelm Wieprecht, aliyekuwa mkuu wa bendi za kijeshi, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz. Kabla ya hapo matarumbeta yalikosa sauti nene ya chini yenye nguvu. Jina lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni tarumbeta.

Lakini desturi ya kanisa kutumia vyombo vya kupuliza ni ya zamani zaidi. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, Musa anaagizwa kutengeneza tarumbeta mbili za fedha kwa kufuliwa kwa nyundo, ziwe za kuwakusanya watu na kuwaongoza safarini. Huko Herrnhut, Ujerumani, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722, Wamoravian walianza mapema, katika miaka ya 1730, kutumia vyombo vya shaba kuongoza nyimbo, kutangaza misiba na kuikaribisha alfajiri ya Pasaka makaburini. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na kituo cha Mbozi, ambacho leo kiko katika mkoa wetu wa Songwe, kikaanzishwa mwaka 1899. Walutheri wa misheni ya Berlin nao waliingia nchi ya Konde mwaka huo huo wa 1891. Ndiyo maana katika nyanda hizi za juu kusini tarumbeta ni jambo la kawaida katika ibada, harusi na mazishi.

Sauti hiyo haikubaki makanisani peke yake. Katika miaka ya 1890, huko pwani ya Kenya, vijana waliosikia bendi za misheni na za kijeshi walianzisha ngoma ya Beni. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliieneza bara, hadi Nyasa na Zambia. Waliokosa tarumbeta za shaba walitengeneza za vibuyu, wakaziba tundu moja kwa utando mwembamba ili sauti itetemeke kama ya shaba. Ndipo tukapata malipenga kule Malawi, na mganda upande wetu wa Ziwa Nyasa, wakati wanawake wakicheza kioda chao. Kwa hiyo kutengeneza tarumbeta kwa vitu vilivyopo si ugeni kwetu. Wazee wetu walifanya hivyo kabla ya sisi kuzaliwa.

BESI YETU ILIVYOUMIA

Mwaka 2022 vijana wetu walikuwa wakirudi kutoka kwenye mkutano wa makundi huko Mbozi. Vyombo vilikuwa vimefungwa juu ya gari. Kamba ilikatika kwenye mteremko, besi ikaanguka barabarani, na gari lililofuata likaikanyaga upande mmoja. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna mtu aliyeumia.

Mdomo mkubwa ulibonyea lakini haukupasuka. Mirija minene ilikuwa salama. Kilichosagika ni kiini chake, yaani yale mapipa matatu yenye pistoni ambazo mpigaji huzibonyeza kwa vidole. Mapipa hayo yalikuwa yamekuwa bapa kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe, na pistoni zilikwama ndani.

Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja besi hiyo ilikaa katika chumba cha vifaa ikifunikwa na vumbi. Mwanzoni kundi liliendelea bila besi. Lakini wimbo usio na sauti ya chini ni kama ugali bila mboga, unashiba lakini huridhiki. Vijana wadogo walianza kuyumba katika sauti zao kwa kuwa hawakuwa na msingi wa kuegemea. Kisha mmoja akaacha kuja, akafuata wa pili. Kufikia katikati ya mwaka 2023, kati ya vijana 14 walikuwa wamebaki 8. Wawili kati ya waliotoka tuliwakuta usiku stendi ya malori wakibadilisha fedha kwa wapita njia. Walikuwa watoto wetu.

FEDHA YA MASUFURIA

Suala hilo lililetwa katika kikao cha akina mama. Tulikuwa na akiba tuliyoikusanya kwa kuuza mahindi, kila mama akitoa debe moja wakati wa mavuno. Akiba hiyo ilikuwa na kazi yake tayari: kununua masufuria makubwa na viti vya kukodisha katika shughuli, ili mfuko wetu ukue.

Hatutaficha kwamba kikao kilikuwa kigumu. Mama mmoja alisema wazi kwamba masufuria yanaingiza fedha, wakati tarumbeta halirudishi hata senti. Mwingine alisema wanaume ndio walioifunga kamba mbovu, basi wao ndio wainunue besi. Tulicheka, lakini hoja ilikuwa nzito. Tulipouliza bei ya besi mpya kutoka Dar es Salaam tulinyamaza kabisa. Akiba yetu yote isingefikia hata nusu.

Ndipo mama mmoja, ambaye ni mkimya na huzungumza mara chache vikaoni, aliposimama. Mwanawe ni mmoja wa wale wawili wa stendi. Alisema, "Ninyi mnahesabu masufuria. Mimi nahesabu watoto." Kisha akakaa. Tulikubaliana kwamba theluthi moja ya akiba itengwe, si kwa kununua, bali kwa kujaribu kutengeneza. Kama jaribio lingeshindikana, fedha inayobaki ingerudi kwenye masufuria.

MJANE NA CHOMBO CHA CHINI YA KITANDA

Mafundi tuliowauliza wote walitoa jibu moja: mapipa ya pistoni yaliyobonyea namna ile hayanyooshwi. Pistoni huingia katika pipa lake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikibana, haipandi. Ikilegea, hewa inavuja na sauti inakufa. Aidha, pistoni ya chombo kimoja haiwezi kuhamishiwa katika pipa la chombo kingine. Hata katika chombo kimoja, pistoni ya kwanza haikai mahali pa ya tatu, kwa sababu matundu yake yametobolewa mahali tofauti. Kwa hiyo tulihitaji kiini kizima, mapipa yote matatu pamoja na pistoni zake, kutoka tuba nyingine.

Tuba nyingine ilikuwapo. Ilikuwa chini ya kitanda cha mjane mmoja wa ushirika wetu. Marehemu mume wake aliipiga kwa miaka mingi, naye alipofariki familia iliihifadhi. Ilikuwa besi ndogo, na mirija yake mikubwa ilikuwa imeharibika kabisa. Unyevu ulikuwa umeila shaba kutoka ndani hadi ikatoka madoa mekundu na matundu. Fundi alitueleza kwamba shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Maji na uchafu vikikaa humo muda mrefu, zinki hutoka na kuacha shaba nyekundu iliyo dhaifu, ambayo huvunjika kama biskuti. Lakini marehemu alikuwa mtu wa taratibu. Kila Jumamosi alizitoa pistoni, akazifuta na kuzipaka mafuta. Zilipanda na kushuka kama siku ya kwanza.

Besi moja ilikuwa na mwili mzuri bila kiini. Nyingine ilikuwa na kiini kizuri bila mwili.

Wapendwa, ni rahisi kuandika sentensi hiyo kwenye karatasi. Kwenda nyumbani kwa mjane na kumwomba akubali chombo cha mumewe kikatwe kwa msumeno ni jambo jingine. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wamemfuata mara kadhaa na mizani yao, wakitaka kuinunua kwa kilo, naye aliwafukuza. Tulikwenda watatu. Hatukumshawishi. Tulimweleza tu hali ilivyo, tukasali naye, tukaondoka.

Baada ya wiki mbili alituita. Alitoa sharti moja tu: hakuna kipande chochote cha tuba ile kitakachouzwa kwa kilo, hata kile kilichooza. Tuliliandika sharti hilo katika kumbukumbu za kikao, na linaheshimiwa hadi leo. Vipande vilivyobaki vimo ndani ya sanduku, na vimeorodheshwa katika kitabu cha mali za kanisa.

FUNDI REJETA

Msishangae tukiwaambia kwamba aliyeifanya kazi hii si fundi wa muziki. Ni fundi rejeta. Tunduma ni mji wa malori, na palipo na malori pana mafundi wanaoziba rejeta zinazovuja. Rejeta za zamani zimetengenezwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, na huunganishwa kwa lehemu laini ya bati na risasi. Tarumbeta nalo huunganishwa kwa lehemu ya namna hiyo hiyo. Lehemu hiyo huyeyuka katika joto la nyuzi kama 190 tu, wakati shaba ya njano yenyewe haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 900. Kwa hiyo fundi anayejua kutumia moto mdogo na kuwa na subira anaweza kufungua kiungo cha tarumbeta na kukifunga tena bila kuiunguza shaba.

Tena shaba si mgeni kwetu. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 na inayopita hapa Tunduma, ilijengwa hasa kwa ajili ya kupeleka shaba ya Zambia bandarini Dar es Salaam. Hadi leo shaba ya Zambia na Kongo hupita mlangoni petu. Na Wanyiha wa Mbozi walijulikana tangu kale kwa kuyeyusha na kufua chuma. Kazi ya metali imo katika damu ya nchi hii.

Sasa tueleze ugumu wenyewe, maana hapa ndipo tulipojifunza. Katika tarumbeta, mrija ukiwa mrefu sauti hushuka, ukiwa mfupi sauti hupanda. Besi yetu kubwa, ambayo wapigaji huiita Bi-flati, ina mrija wa mita 5 na nusu hivi ukiunyoosha wote. Besi ndogo ya marehemu, iitwayo I-flati, ina mrija wa karibu mita 4. Pistoni inapobonyezwa hupeleka pumzi katika mrija mdogo wa ziada, na mrija huo lazima uwe na urefu unaolingana na chombo kizima. Pistoni ya pili hushusha sauti nusu hatua na huhitaji nyongeza ya kiasi cha sehemu 6 katika kila 100 za urefu wote. Ya kwanza hushusha hatua nzima na huhitaji sehemu 12. Ya tatu hushusha hatua moja na nusu, na huhitaji sehemu 19.

Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye ni mmoja wetu, alikaa na daftari akapiga hesabu. Katika besi kubwa, mirija ya ziada inatakiwa iwe na sentimeta 33 kwa pistoni ya pili, 67 kwa ya kwanza na 104 kwa ya tatu. Kiini cha besi ndogo kilikuja na mirija ya sentimeta 24, 49 na 76. Maana yake, kama tungekichomeka kilivyo, kila pistoni ingetoa sauti ya juu mno, na wapigaji wote wangeonekana hawajui kazi. Ilibidi kuongeza sentimeta 9, 18 na 28. Na kwa kuwa kila mrija wa ziada una umbo la U lenye miguu miwili, nyongeza hiyo hugawanywa kwa mbili: sentimeta 4 na nusu kila mguu kwa ule mfupi, 9 kwa wa kati, na 14 kwa ule mrefu. Mama anayeshona anaelewa mara moja. Ni kama kuongeza urefu wa gauni pande zote mbili ili lisije likaning'inia upande mmoja.

Vipande vya kuongezea vilipatikana katika mirija ya besi kubwa iliyopondeka. Fundi alikata sehemu zile zilizobaki mviringo. Mahali ambapo upana wa mirija haukulingana, alitengeneza pete za kuunganishia kwa bamba la shaba ya njano kutoka kwenye tangi la rejeta la lori lililokufa. Mabonyeo ndani ya mirija aliyatoa kwa gololi za beringi, akizisukuma moja baada ya nyingine kuanzia ndogo kwenda kubwa. Mdomo mkubwa aliuvalisha juu ya gogo lililochongwa mviringo, akaufuta mikunjo kwa kuusugua badala ya kuupiga kwa nguvu. Alipolehemu karibu na mapipa ya pistoni aliyafunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ili joto lisiyafikie.

Vitu vidogo vilitoka majumbani mwetu. Vipande vya blanketi zito viliwekwa chini ya vitufe ili pistoni zisigonge. Kizibo cha kitundu cha kutolea maji kilikatwa kutoka mpira wa gurudumu. Viungo vya nje vilipakwa mafuta ya cherehani, ingawa pistoni zenyewe zina mafuta yake mepesi zaidi, na hayo tuliagiza Mbeya.

Mwishoni fundi aliziba mdomo mkubwa, akaizamisha sehemu moja moja katika pipa la maji na kupuliza, kama fundi baiskeli anavyotafuta tundu la pancha. Mapovu yalitoka sehemu tano. Akaziziba zote tano, akarudia tena. Kazi nzima ilichukua miezi mitatu, kwa kuwa aliifanya baada ya saa za kazi yake ya kawaida.

NENO LA KIUUGUZI

Mwandishi wenu ni muuguzi, kwa hiyo hatuwezi kulipita jambo la afya. Kazi ya lehemu ina hatari zake, na akina mama wengi wana waume au watoto wanaoifanya kila siku.

Risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na kwa mimba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Humdhuru mtoto katika ubongo, naye hawezi kusema anaumwa wapi. Katika moto mdogo wa lehemu risasi haitoki sana kama mvuke. Hatari kubwa ni mabaki na vumbi lake linaloshika mikononi na kwenye nguo, kisha likaliwa pamoja na ugali. Kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mbali na jiko na mbali na watoto wanaocheza. Mfanyakazi anawe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zake zifuliwe peke yake. Mama mjamzito asikae hapo kumsindikiza mumewe kwa mazungumzo. Wala sufuria ya kupikia isizibwe kwa lehemu ya risasi kamwe.

Moshi wa dawa ya kusafishia shaba wakati wa kulehemu huwasha macho na kifua, hivyo kazi ifanyike mahali penye hewa. Shaba ya njano ikipashwa moto mkali mno hutoa moshi mweupe wa zinki. Anayeuvuta moshi huo anaweza, baada ya saa chache, kupata homa, baridi na maumivu ya viungo, akadhani ni malaria. Kwa kawaida hali hiyo huisha baada ya siku moja au mbili. Lakini msikisie nyumbani. Nendeni kituo cha afya mkapime malaria, na mwambieni mhudumu kazi mliyoifanya. Wapo wanaoamini kwamba kunywa maziwa huzuia sumu ya moshi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni.

Akina mama wengine wametuuliza kama kupuliza tarumbeta kunaleta kifua kikuu. Hapana. Kifua kikuu huambukizwa kwa njia ya hewa kutoka kwa mgonjwa anayekohoa, na kupuliza tarumbeta hakukiumbi. Lakini mpigaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apumzike kupuliza na aende kupimwa makohozi, kwa kuwa chumba cha mazoezi kilichofungwa madirisha hueneza ugonjwa kirahisi. Vidonda vya midomo na mafua nayo huweza kupita kwenye kipulizio, kwa hiyo kila mtoto awe na chake, au kioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kumpa mwenzake.

Usafi wa ndani pia ni muhimu. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliandika habari za mpigaji wa tromboni aliyekohoa kwa miaka 15. Uchafu uliomea ndani ya chombo chake ndio uliokuwa ukimwumiza mapafu, naye alipokisafisha vizuri kikohozi kiliisha. Besi yetu sasa huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila mwezi. Maji hayo yasiwe ya moto sana.

SAUTI ILIVYOTOKA

Tungependa kuwaambia kwamba besi ilitoka kama mpya. Haikutoka hivyo. Ukiitazama utaona viraka vya rangi mbili, na pete za rejeta zinaonekana wazi. Sauti moja ya chini, ile inayohitaji pistoni ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, huwa juu kidogo, na mpigaji hana budi kuvuta mrija mmoja kwa mkono ili kuirekebisha. Walimu wa muziki wanatuambia kwamba hata tuba mpya nyingi zenye pistoni tatu zina kasoro hiyo. Lakini sauti nyingine nyingi zinakaa mahali pake, na ni nene na pana.

Aliyeomba kujifunza kuipiga alikuwa binti wa kidato cha pili. Baadhi ya wazee walisema chombo ni kizito kwa msichana. Kwa kweli ni kizito, kina uzito wa kilo 9 hivi. Lakini binti aliyezoea kubeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka bombani hashindwi na kilo 9 mapajani. Mwalimu wa kundi alikubali, na baba yake akakubali baada ya kumwona anavyojituma.

Alfajiri ya Pasaka, tarehe 31 Machi 2024, tulikwenda makaburini kama ilivyo desturi. Kulikuwa na ukungu. Kundi lilikuwa na vijana 12. Mmoja kati ya wale wawili wa stendi alirudi, mwingine hajarudi mpaka leo na tunaendelea kumwombea na kumtembelea. Mjane wetu alisimama karibu na kaburi la mumewe. Besi ilipoingia hakulia, alitikisa kichwa polepole akifuata mapigo, kama mtu anayesikia sauti ya mtu wa nyumbani kwake katika umati.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa vikundi vya akina mama ambavyo kanisani kwao kuna vyombo vilivyotupwa kwenye pembe, tunashauri yafuatayo:

Kwanza, msiuze kwa kilo. Tarumbeta lililokufa ni ghala la vipuri kwa lililo hai. Pete, mrija au springi moja inaweza kuokoa chombo kizima.

Pili, kabla ya kukata chochote, pimeni na kuandika. Hakikisheni vyombo viwili ni vya aina gani, na kiini kihamishwe kizima pamoja na pistoni zake, kila moja katika pipa lake.

Tatu, tafuteni fundi mwenye mkono mtulivu wa lehemu hata kama hajui kusoma noti, na mwekeni pamoja na mtu anayejua muziki. Mmoja ajue moto, mwingine ajue sauti.

Nne, wekeni kikomo cha fedha kabla ya kuanza, na mkiandike.

Tano, mkikamilisha, mteueni mtu wa kuzipaka pistoni mafuta kila wiki. Bila Jumamosi zile za marehemu tusingekuwa na kiini cha kuhamisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sita, safirisheni vyombo ndani ya gari, vikiwa vimefungwa kwa blanketi, na si juu ya gari.

Masufuria yetu nayo tulianza kuyanunua mwaka 2024, machache badala ya mengi. Mama yule aliyesema kwamba tarumbeta halirudishi hata senti ndiye anayetunza sasa kitabu cha mapato ya kundi, kwa kuwa harusi za Tunduma huwaita vijana wetu na kutoa asante, na sehemu ya asante hiyo hurudi katika mfuko wa akina mama. Anakitunza kwa ukali, na hakuna anayethubutu kumdanganya.

Basi, mama mpendwa, Jumapili ijayo ingia katika chumba cha vifaa cha kanisa lako, ufunue yale maturubai ya zamani, utazame kilichomo. Kisha uulize ni nani alikuwa akikipiga, na ni mtoto gani angependa kujifunza. Mungu awabariki pamoja na nyumba zenu.